Mbuzi Aliyesawazisha Udongo

Jotham Mwasomola alikuwa bwana shamba kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu serikali ilichukua pikipiki yake ikamwachia jina. Mpaka leo, kuanzia Kisondela hadi sokoni Tukuyu, hakuna anayemwita Jotham isipokuwa mchungaji na daktari wa macho. Ni Bwana Shamba. Mgomba ukikunja majani, watu huenda kwake. Parachichi likipukutisha maua kabla ya wakati, huenda kwake. Na mtu akiona kimeota kitu asichokijua pembeni mwa chai yake, hung'oa kimoja, hukifunga kwenye jani la mgomba na kumpelekea. Yeye hukigeuza mara mbili, akataja jina lake, ukoo wake na namna ya kukiua.

"Gugu hutambuliwa likiwa na majani matatu," alikuwa akiwaambia wakulima kwenye mafunzo. "Likifika sita, mwenye shamba ndiye gugu." Watu walicheka kila mara. Alikuwa na maneno manne ya namna hiyo, na yalimtosha miaka thelathini na mmoja.

Isije ikadhaniwa kwamba alikuwa mtu wa majivuno. Alikuwa mtu aliyepatia kwa muda mrefu sana, jambo ambalo kwa nje hufanana na majivuno, na kwa ndani hufanana zaidi.

Nyumbani aliishi na mkewe Felista na mkamwana wao Hellen. Hellen ni mke wa Erasto, mtoto wao wa pekee wa kiume, ambaye anaendesha lori la Tunduma na huonekana nyumbani kama mwezi mwandamo: watu husikia kwamba ameonekana. Hellen alizaliwa Kongwa, kule Dodoma ambako mtu akiona wingu huita jirani. Walipooana, Erasto alimsimulia habari ya kutila, yaani ile heshima ya woga ya Wanyakyusa wa zamani: mkamwana na baba mkwe hawakutani, hawasemezani, hawatazamani usoni, wala hawapiti njia moja kwa wakati mmoja. Erasto alimsimulia kama mtu anavyosimulia vitu vya makumbusho. Siku hizi wasichana wa Kinyakyusa wenyewe huwapigia baba wakwe zao simu kuomba vocha. Lakini Hellen hakutaka aje aambiwe na mtu kwamba kwao hawafundwi. Aliishika mila hiyo kwa mikono miwili, na Jotham, ambaye hakuwa ameiomba, akajikuta anaipenda.

Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Jotham akitokea nyuma ya nyumba alipiga mluzi wa wimbo wa kanisani, mwana wa watu apate nafasi ya kuingia jikoni. Hellen akitaka kutoka jikoni alikohoa mara mbili. Wapita njia walidhani nyumba ile ina mtu mmoja mwenye furaha na mwingine mwenye kifua. Mambo mengine yote yalipita kwa Felista, na kwa miaka minne hakuna lililoharibika.

Mwezi wa saba mwaka huu mama yake Hellen alituma mbegu kwa mkono wa kondakta wa basi, zikiwa ndani ya chupa tupu ya dawa ya kikohozi. Zilikuwa mbegu za maua ya uwanjani kwake, aina mbili, zote za rangi ya chungwa. Ni maua ya msimu mmoja: huota, huchanua, huacha mbegu na kufa, bila kumsumbua mtu. Mbegu zake unazimwaga, unazifukia kwa udongo mwembamba, unazinyima maji, nazo huchanua kama zinazokukomoa. Mama mwenyewe angekuja Novemba, kwa mara ya kwanza, kuona mwanawe alikoolewa. Hellen alitaka akishuka kwenye bodaboda akute langoni kitu kimoja anachokijua, kwa kuwa vingine vyote vingekuwa vigeni kwake: ndizi, ukungu na lugha.

"Baba Erasto," Felista alisema wakati wa chai, "mkweo anaomba kipande pale langoni. Apande maua ya kwao."

"Maua gani ya kwao?"

"Ya Kongwa. Hayataki maji."

Jotham aliweka kikombe chini. "Mama Erasto. Mwambie mtoto wa watu kwamba hapa ni Rungwe. Hata chumvi haitaki maji, na humu ndani inalowa."

"Nimwambie hivyo?"

"Mwambie nimempa kipande. Na umwambie yataoza."

Felista alifikisha habari ya kipande. Habari ya kuoza aliibakiza, ingawa haikuwa na faida, maana ukuta wa jikoni ni wa mbao na Hellen alikuwa upande wa pili anamenya ndizi.

Hellen alilima tuta lililoinuka, hatua sita kwa moja. Udongo mweusi wa Rungwe, ule ambao Jotham aliusifu kwenye ripoti kwa miaka thelathini na mmoja, Hellen aliupunguza. Akauchanganya na mchanga wa mtoni na vile vijiwe vyepesi vya mlimani vinavyoelea kwenye maji. Jotham, akichungulia dirishani, aliona mtu anayeuharibu udongo kwa makusudi, akamhurumia. Mwanzoni mwa Agosti mbegu ziliingia ardhini. Hazikumwagiwa hata kikombe.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumatatu, Hellen alimpeleka mwanawe Lugano hospitali Igogwe kwa sababu ya mafua, na Felista alikuwa msibani. Jotham alibaki peke yake, akaenda langoni kuona maua yasiyotaka maji yanaendeleaje.

Hakuona maua. Aliona kishona nguo, lile gugu ambalo mbegu zake hung'ang'ania suruali, bado changa, la majani yaliyopasukapasuka. Katikati yake aliona mbangi mwitu. Lilikuwa tuta zima la magugu, yameota kwa afya, na mbegu za Kongwa hazionekani hata moja. Zimeoza, alijisemea, kama nilivyosema. Alimwonea Hellen huruma, na ndani ya huruma hiyo, kama kokwa ndani ya parachichi, kulikuwa na furaha.

Basi akaamua kutenda wema. Kumpa pole mkamwana asingeweza, kumsalimu asingeweza, lakini hakuna mila inayokataza jembe. Angemsafishia tuta, akirudi akute udongo mtupu, asononeke mara moja yaishe. Aling'oa kwa mkono, moja moja, akikung'uta udongo. Aliyapeleka nyuma ya banda la nguruwe na kuyalaza kwenye lundo la mboji, mizizi ikiangalia juu, kwa duara, kama alivyowafundisha wakulima wa kata tano. Alisawazisha tuta kwa mgongo wa jembe. Akaosha jembe. Akanywa chai, na chai ilikuwa nzuri.

Hellen aliporudi hakupiga kelele. Alisimama langoni na mtoto mgongoni, akasema, "Mama." Halafu tena, "Mama." Felista, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka msibani, alienda kuangalia, kisha akaingia sebuleni na simu mkononi.

"Baba Erasto, maua ya mtoto yamekwenda wapi?"

"Maua gani? Pale si hapakuota ki—"

"Yalikuwa hamsini na nne. Jana ameyahesabu. Aliyapiga picha ya kumtumia mama yake, tazama."

Jotham akavaa miwani. Picha ya kwanza ilikuwa ya tuta la langoni, na kidole cha Hellen kando ya mche kuonyesha urefu. Ya pili ilitoka Kongwa: miche ileile, majani yaleyale yaliyopasukapasuka, na nyuma yake mingine mikubwa imechanua rangi ya chungwa mpaka ukuta hauonekani. Hapo akakumbuka. Ua la aina ya kwanza na kishona nguo ni wa ukoo mmoja, na lile la pili ni ndugu wa tumbo moja na mbangi mwitu. Aliwahi kulisoma jambo hilo chuoni, ukurasa wa kushoto, chini kabisa. Aliliona mpaka doa la chai lililokuwa kwenye ukurasa huo.

"Mbuzi," akasema.

Hakuwa amelipanga. Lilitoka kama chafya.

"Mbuzi wa nani?"

"Sasa hapa mbuzi ni wa nani mwingine?"

Mbuzi wa karibu alikuwa mmoja tu, jina lake Sultana, mali ya Arafa, mke wa fundi Tamimu. Tamimu ni fundi cherehani mjini Tukuyu. Babu yake alikuja na vitambaa kutoka pwani, vitambaa vikaisha, babu akabaki. Yeye na Jotham wamepakana miaka ishirini, na kila jioni hucheza drafti kwa vizibo vya soda. Mtu mwema, mpole, ambaye akishinda huomba radhi.

Habari zilimfikia usiku uleule, na kesho yake asubuhi alikuja, kamba mkononi na mbuzi nyuma yake.

"Hodi! Bwana Shamba, nimekuletea mshitakiwa."

"Karibu, Fundi. Kaa."

"Sikai. Mtu asiyejua kulinda mbuzi hana haki ya kiti." Sultana alikuwa na mimba, akatazama nyumba kama mgeni anayekagua. "Jana nilimwacha amefungwa, nikarudi nikamkuta amefungwa. Nimelikagua fundo. Mimi na mafundo tunajuana miaka arobaini, Bwana Shamba. Lakini wewe ukisema ni mbuzi, basi ni mbuzi. Fundo linaweza kusema uongo."

Jotham alikohoa. Kutoka jikoni kikohozi kingine kikamjibu, kikidhani kimeulizwa.

Tamimu alienda langoni, akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya tuta kama anayepima kitambaa. "Amekula mpaka mizizi," alisema. "Na akasawazisha udongo." Akamgeukia mbuzi. "Sultana! Kwangu hujawahi kufagia hata uwanja."

Jotham aliutafuta mzaha kwenye uso wa jirani yake, maana angeupata angeukasirikia, na hasira ingempa mahali pa kushika. Hakuupata. Tamimu alikuwa anashangaa kweli.

"Alhamisi nampeleka mnadani," Tamimu akasema. "Arafa amelia usiku kucha, lakini nimemwambia: mwaka jana alikula kabichi za mchungaji, mwaka huu maua ya mkwe wa Bwana Shamba. Tutangoja ale nini, biblia? Mbuzi anauzwa. Ujirani hauuzwi."

"Fundi, si lazima umuuze."

"Lazima. Nisamehe, ndugu yangu."

Akaondoka. Jotham alibaki amesimama, ameombwa msamaha.

Sababu za kunyamaza alizipata, na zilikuwa nzuri. Hajawahi kukosa sababu. Aliyekosewa kwanza ni Hellen, alijiambia. Kuungama kwa Tamimu kabla ya Hellen ni kuruka foleni, na kwa Hellen mila hairuhusu. Kwa hiyo si kwamba hataki. Ameshikwa. Mila ile ya woga, aliyoisifu miaka minne, ilimfaa sasa kama banda linavyomfaa kuku aliyeona mwewe. Felista angeweza kutumwa, ni kweli. Lakini Felista naye ana uso, na uso huo hula naye mezani.

Siku ya tatu, Jumatano jioni, alipeleka maganda ya ndizi kwenye lundo nyuma ya banda la nguruwe. Kishona nguo cha kweli, kilichong'olewa na kulazwa mizizi juu siku tatu, hugeuka nyasi kavu. Aliwahi kuwaapia wakulima. Hapo kwenye lundo mengi yalikuwa yamekauka. Lakini kumi na tisa yalikuwa hai. Yalikuwa yamekunja shingo, yakageuza vichwa kuelekea juu, na mizizi yake ilikuwa imejipenyeza chini kunywa umande kama yaliyozaliwa hapo. Yamezoea kunyimwa. Yalisimama kwa duara, lile duara lake, ambalo katika kata tano hakuna mtu mwingine anayelipanga hivyo, wala mbuzi.

Kitu cha kwanza alichokifanya ni kuinua jembe. Hilo hakulisahau baadaye, na halikumpa nafasi ya kujisingizia kwamba alikuwa mtu mwema aliyekosea. Aliinua jembe juu ya miche kumi na tisa ya mtoto wa watu, akiwa na nia. Halafu akalishusha taratibu, akakata jani la mgomba, akaifunika.

Mezani alimega tonge moja.

"Kula," alisema Felista.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini?" Akamwongezea mboga. Baada ya muda, kama mtu anayetaja bei ya sabuni, akasema, "Jumatatu niliporudi msibani jembe lako lilikuwa linachuruzika maji." Akaondoa vyombo.

Alhamisi kulipokucha ukungu ulikuwa mzito. Jotham aliondoa lile jani la mgomba, akachimbua miche yote na udongo wake, akaipanga ndani ya beseni. Alikuwa bado anajiambia kwamba ataiacha kimyakimya jikoni kwa mkewe, aliposikia barabarani sauti ya Sultana akilalamika, na sauti ya Tamimu ikimbembeleza kama mgonjwa. Ng'ambo ya ua wa matete Arafa alisimama amewapa mgongo, hataki kuona.

Jotham akazunguka nyumba. Langoni Hellen alikuwa anafagia. Jotham alikunja midomo apige mluzi, kama kawaida, na pumzi ikiwa tayari mdomoni aliona jambo moja waziwazi: akipiga, Hellen ataingia jikoni, na yeye Jotham atabaki na Tamimu peke yake, na nusu ya uongo itasalia na afya yake. Akaimeza pumzi.

"Mama Lugano," alisema. "Usiingie jikoni."

Ufagio ukasimama. Hellen alijivutia kanga kichwani, akageukia nguzo ya lango, akaipa uso wake.

"Fundi! Simama hapo."

Tamimu akasimama. Mbuzi akatumia nafasi hiyo kula jani lililoanguka.

"Mbuzi hakula kitu," Jotham akasema. "Niling'oa mimi. Kwa mikono hii. Nilidhani ni kishona nguo."

Tamimu akauliza polepole, "Wewe? Kishona nguo? *Wewe?*"

Na hapo Jotham aligundua kwamba uongo haukuwa umemfikia rafiki yake bado. Kilichomfika kwanza, kikamtisha, ni kwamba Bwana Shamba hajui gugu. Uongo ulifika wa pili.

"Na Jumanne yote," Tamimu akasema. "Na jana yote. Umeniacha nakagua fundo langu."

"Ndiyo."

"Nimemtukana mbuzi mwenye mimba, Bwana Shamba."

"Ndiyo."

Tamimu alitikisa kichwa, akamgeuza Sultana, akarudi naye kwake. Hakuaga. Katika miaka ishirini hakuwahi kuondoka bila kuaga, hata siku aliposhindwa drafti mara saba.

Jotham akabaki na beseni. Angeweza sasa kupiga mluzi, na midomo ilimkatalia.

"Yasimwagiwe maji," nguzo ya lango ikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti hiyo ikimsemesha. Alikuwa hajui kama ni nzito namna ile.

"Ndiyo," akajibu.

"Na shingo isifukiwe. Mkifukia shingo yanaoza."

"Ndiyo."

"Shibiri moja kati ya mche na mche."

Akapiga magoti, mzee wa miaka sabini na moja, akapanda miche kumi na tisa kwa maelekezo ya nguzo, akiitikia kila neno kama mkulima mwoga siku ya kwanza ya mafunzo. Hellen hakugeuka hata mara moja kuona kama amekosea, na hilo lilimuuma kuliko angegeuka. Alipomaliza, kikohozi kilisikika mara mbili. Jotham akajua maana yake, akaondoka.

Felista alikuwa mlangoni. "Miaka minne unampigia mtoto mluzi kama treni ya Tazara," alisema, "kumbe mdomo unao." Akampokea beseni. "Ndaga," akaongeza, yaani asante, na Jotham hakuthubutu kuuliza ya nini.

Miche minne ilikufa. Kumi na mitano ilichanua wiki ya kwanza ya Novemba, chini ya mvua za mwanzo, rangi ya chungwa kali isiyo na aibu. Mama yake Hellen alishuka kwenye bodaboda, akayaona, akaweka mizigo chini. Akacheka mpaka akafuta macho. "Nani kayapanga hivi, kama wanafunzi wa mchakamchaka?" Hellen akasema ni mtu mmoja wa huku. Jotham alisikia yote. Alikuwa nyuma ya nyumba, ameshapiga mluzi, maana mila ilikuwa imerudi mahali pake siku ileile, na wote wawili waliiingia kwa haraka kama watu waliokutwa nje na mvua. Habari lakini ilishatembea. Siku hizi mkulima akimletea mche uliofungwa kwenye jani la mgomba, Bwana Shamba haufungui kwanza. Huuliza, "Kuna mtu aliyeupanda?" Watu hucheka kuliko walivyowahi kuyacheka yale maneno manne.

Tamimu hakuja kwa drafti miezi miwili na nusu. Vizibo vilikaa kwenye kopo. Halafu Sultana akazaa mapacha, jike na dume, na Jumapili iliyofuata Tamimu alikuja na birika la kahawa, akapanga vizibo, akaomba radhi kwa kushinda. Kuhusu jina la yule dume hakusema kitu. Jina lilikuwa limetolewa na Arafa, ambaye hakuwa ameombwa msamaha na mtu, maana Jotham alikuwa bado anatafuta maneno.

Yule dume ni mtundu, hukata kamba. Kila jioni, wazee wawili wakiwa wameinamia ubao, sauti ya Arafa hupanda juu ya ua wa matete, ikasikika mpaka barabarani:

"Bwana Shamba! We Bwana Shamba! Toka kwenye maua ya watu!"

Mbuzi huinua kichwa. Jotham huinamisha chake, na kusogeza kizibo.